Kwa nini katika picha ya setelaiti theluji ya Machi imekaa mabondeni na vilele viko wazi?

#1 Maalim wa Malindi
Assalaam aleikum wanajamvi. Nafundisha jiografia hapa Malindi, na dada yangu ameolewa katika bonde la Aosta, kaskazini-magharibi mwa Italia. Wakati huu ambapo kaskazi inakaribia kwisha kwetu, wao wanasema majira ya kuchipua yameanza, nami nilitafuta picha ya setelaiti ya milima ya Alpi ili niwaonyeshe wanafunzi jinsi theluji inavyosalia milimani hata baada ya baridi kupungua. Nilichokiona kimenitatiza. Weupe umejaa ndani ya mabonde kama tui lililomwagika kwenye mifereji, ilhali migongo ya milima ni myeusi na mitupu. Kitabu tunachofundishia kinasema kwamba kila unapopanda kilomita moja joto hupungua kwa takribani nyuzi 6.5, kwa hiyo nilitarajia kinyume kabisa. Dai langu ni kwamba hewa baridi ni nzito, nayo usiku huteremka kutoka vileleni na kutuama mabondeni, ndiyo maana theluji ya chini hudumu kuliko ya juu. Kama nimekosea, nionyesheni nilipokosea kabla sijasimama mbele ya darasa.

#2 Fundi Ramani
Wa aleikum salaam, Maalim. Hewa baridi kutuama bondeni ni jambo la kweli, na wakulima wa nchi za baridi wanalijua vizuri kwa sababu ndilo linalounguza miche yao. Hata hivyo, nadhani picha yako haionyeshi jambo hilo. Igeuze simu juu chini, kisha uitazame tena.

Sababu yake ni hii. Setelaiti nyingi za kupiga picha ardhi hupita juu ya mahali asubuhi, karibu saa nne na nusu kwa saa ya jua ya mahali hapo. Wakati huo jua la Ulaya liko kusini-mashariki. Kwa kuwa ramani huweka kaskazini juu, mwanga wa picha unatoka upande wa chini kulia, na vivuli vinaanguka kuelekea juu kushoto. Jicho la binadamu limezoea mwanga unaotoka juu, iwe ni wa jua au wa taa ya darini, kwa hiyo akili huipindua picha yenyewe bila kukuomba ruhusa: mgongo wa mlima ukaonekana bonde, na bonde likaonekana mgongo. Theluji iko palepale kitabu kilipokuambia.

#3 Nahodha Shela
Nimegeuza simu nikiwa nimeketi barazani, na jirani yangu akaniuliza kama imeingia maji. Nakiri kwamba milima ilisimama ghafla mbele ya macho yangu, na ile mifereji ya tui ikawa vilele vyeupe. Nilipoirudisha simu kama ilivyokuwa, vilele vikazama tena. Nimesoma bahari miaka mingi, lakini sikujua kwamba nchi kavu nayo ina maji kujaa na maji kupwa.

#4 Mchuuzi wa Samaki
Mimi nimegeuza simu mara tatu na mabonde yamebaki mabonde. Huenda macho yangu yamezeeka, au huenda Maalim yuko sahihi.

Nitasema ninachokijua, yaani barafu. Nanunua barafu ya samaki kila alfajiri. Bonge kubwa nikiliweka kivulini, nikalifunika magunia, linafika kesho yake. Barafu ileile ikishapondwa na kuachwa juu ya meza inakwisha kabla ya adhuhuri, ingawa uzito ni uleule na siku ni ileile. Kwa hiyo swali la theluji ipi hudumu halitegemei baridi ya mahali peke yake. Linategemea pia imekusanyika kiasi gani na imejificha wapi. Bonde ni kivuli, na kila kinachoporomoka mlimani huishia bondeni. Kwa nini theluji isikae huko?

#5 Mkazi wa Trento
Salaam kutoka Italia, ingawa niko mbali na Aosta. Mchuuzi (#4) amegusa jambo ambalo Fundi amelipita. Theluji haikai mahali ilipoanguka. Upepo huikwangua kutoka migongoni na kuilundika upande wa pili, kwenye mikunjo na makorongo, hadi mgongo uwe mwamba mtupu na korongo lililo karibu nao liwe na theluji ya kumzika mtu aliyesimama. Kisha kuna maporomoko ya theluji, yanayoshusha shehena nzima hadi miguuni mwa mlima, ambako hubanwa ikawa ngumu kama bonge la Mchuuzi. Malundo ya namna hiyo nimeyakuta Juni, machafu, yamefunikwa matawi na mawe, huku majani mabichi yakiota pembeni yake.

Jambo la pili ni upande ambao mteremko unautazama. Machi, siku mchana na usiku zinapolingana, jua la adhuhuri hapa kwetu hufika nyuzi 44 tu juu ya upeo. Mteremko unaotazama kaskazini na ulio mkali kuliko nyuzi hizo hauoni jua la adhuhuri hata kidogo. Kwenu Malindi siku hiyohiyo jua liko karibu utosini na mtu anakanyaga kivuli chake, kwa hiyo ni vigumu kufikiria nchi ambamo mlima mmoja una ubavu wa kiangazi na ubavu wa baridi kwa wakati mmoja. Mimi mwenyewe sikuamini hadi nilipotembea upande mmoja kwa shati na upande mwingine kwa koti.

#6 Maalim wa Malindi
Ahsanteni. Nimegeuza simu, na kwangu picha ilipinduka, tena ikakataa kurudi. Ndipo nikatafuta namna ya kumaliza ubishi bila kutegemea macho: nikafuata mito, kwa sababu mto haupandi mgongo wa mlima. Nilichagua mito mitatu. Miwili inapita katikati ya yale maeneo meusi niliyoyaita migongo, maana yake ni kwamba yalikuwa mabonde tangu mwanzo, na Fundi amepata. Mto wa tatu, ulio katika bonde dogo la pembeni, umezungukwa na weupe mtupu kushoto na kulia. Huo bado ni wangu.

#7 Kijana wa Ngomeni
Jamani, mnazungumza kuhusu setelaiti kana kwamba ni mambo ya ng'ambo pekee. Picha za kwanza za theluji zilipigwa na setelaiti iliyorushwa hapa kwetu Ngomeni. Babu yangu aliiona ikipaa kutoka baharini.

#8 Mpenda Historia
Kijana, babu yako aliona kweli, lakini alichokiona hakikuwa cha theluji. Setelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, na ndiyo sababu ya jina lake. Kazi yake ilikuwa kupima mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota. Iliipa dunia kisogo. Urushaji kutoka jukwaa hilo ulianza 1967 na ukakoma 1988. Theluji ilikuwa imeonekana kutoka angani kabla ya hapo: setelaiti ya TIROS-1, iliyorushwa tarehe 1 Aprili 1960, ilionyesha theluji ya mashariki mwa Kanada mwezi huohuo.

Na kama tunazungumza kuhusu watu waliotazama weupe mlimani wakashindwa kuelewana, tusiende mbali. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akikaa Rabai, aliiona Kilimanjaro. Aliandika kwamba kwanza alidhani ni wingu jeupe lenye kung'aa. Alipomuuliza kiongozi wa msafara, yule mtu hakutaja theluji. Alisema tu kwamba ule weupe ni baridi. Kule London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikanusha kwa miaka mingi kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta. Kwa maoni yangu, aliyekuwa karibu zaidi na ukweli ni yule kiongozi, kwa kuwa alitaja alichokijua na hakuongeza neno.

#9 Binti Pate
Hoja ya wingu ndiyo niliyokuwa naingojea. Sisi sote, tangu #1, tumekubali kwamba kila cheupe ni theluji. Maalim, je, una hakika gani kuhusu ule mto wa tatu? Asubuhi, katika mabonde membamba, ukungu hulala hadi jua liufikie. Setelaiti ikipita saa nne na nusu huenda ikaukuta bado umelala, na ukungu ukitazamwa kutoka juu ni mweupe kama theluji. Aidha, mito ya milimani hutandaza changarawe nyeupe pande zake zote mbili maji yanapopungua.

Ukitaka kujaribu jicho lako, fungua picha ya pwani yenu, kaskazini ya Malindi, kuanzia Gongoni hadi Marereni. Utaona mapande meupe pe, yamepangwa kwa mistari. Mtu wa Ulaya asiyejua mashamba ya chumvi atasema Malindi kuna theluji.

#10 Nahodha Shela
Nami nitamwambia kwamba ndiyo, ipo, na Wamalindi huinyunyizia viazi.

#11 Fundi Ramani
Binti Pate amesema vyema, na tatizo hilo lina dawa. Setelaiti kama Sentinel-2 na Landsat hazipimi rangi tunazoziona tu. Zinapima pia mionzi ya infraredi ya mawimbi mafupi, ambayo jicho halioni. Katika mwanga wa kawaida theluji mbichi hurudisha sehemu kubwa sana ya mwanga inaoupokea, na wingu hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana yanafanana. Ukifika kwenye mawimbi ya mikromita 1.6 hivi, theluji huinyonya mionzi hiyo na kuonekana nyeusi, ilhali mawingu mengi, yaliyoundwa kwa matone madogo ya maji, huendelea kuirudisha. Ukilinganisha vipimo hivyo viwili, cha mwanga wa kawaida na cha infraredi, theluji inajitenga na ukungu. Katika picha iliyochanganywa kwa mionzi hiyo theluji hupewa rangi ya samawati na wingu hubaki jeupe. Maalim aipakue upya kwa mpangilio huo na jibu la mto wa tatu litaonekana.

Nitaongeza tahadhari moja. Ukubwa wa pikseli, yaani nukta zinazounda picha, ni muhimu. Sentinel-2 inaona vipande vya mita 10 kwa 10, Landsat mita 30. Ramani za theluji za kila siku zinazotokana na chombo cha MODIS hutumia pikseli za mita 500, yaani hekta 25 kila moja. Mji Mkongwe wa Lamu, ule uliotambuliwa na UNESCO mwaka 2001, una hekta zipatazo 16. Kwa MODIS, Lamu yote na utukufu wake haijazi hata nukta moja.

#12 Nahodha Shela
Nukta moja yenye historia ni bora kuliko pikseli elfu za hoteli. Tuendelee na theluji.

#13 Mvua ya Vuli
Nashangaa kwamba tumekwenda hadi Aosta na tumepita Kilimanjaro bila hata kugeuza shingo, ilhali Kilimanjaro na Malindi ziko karibu latitudo moja, nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri linalotuchoma sisi ndilo linalopita juu ya kilele chenye mita 5,895. Kule hakuna majira ya kuchipua. Machi, theluji ya Alpi inapoanza kurudi nyuma, Kilimanjaro inangojea masika yaifunike upya. Ukichukua picha ya Februari na ya Mei huenda ukadhani mlima umepona, kisha miezi michache baadaye ule weupe mwembamba umetoweka.

Kwa hiyo napinga kidogo lugha ya uzi huu. Tunasema theluji «inadumu» kana kwamba ni kitu kimoja. Theluji ya masika juu ya Kilimanjaro ni shuka la muda, na barafu ya zamani iliyo chini yake ni jambo jingine kabisa: ile iliyokuwepo mwaka 1912 ilikuwa imepungua kwa takribani asilimia 85 kufikia 2007. Sehemu yake hata haiyeyuki, bali hugeuka mvuke moja kwa moja kwa sababu hewa ya kule juu ni baridi na kavu. Picha moja ya setelaiti haitofautishi shuka na godoro.

#14 Mkazi wa Trento
Shuka na godoro nimeipenda, na inafaa huku pia. Picha inaonyesha eneo la theluji, haionyeshi kina chake. Sentimita tano na mita tatu zina weupe mmoja. Majira ya baridi ya 2021 hadi 2022 theluji ilikuwa haba sana kwenye Alpi za Italia, na kiangazi kilichofuata mto Po ulikauka kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka 70, hata maji ya bahari yakapanda ndani ya mdomo wake na kuharibu mashamba ya mpunga. Ndiyo maana watu wa huku hutazama picha za Machi kama mtu anayechungulia mtungi.

Kuhusu kudumu kwenyewe, msisahau vumbi. Upepo ukitoka Sahara huja na vumbi jekundu linalotua juu ya theluji, na theluji iliyochafuka hunyonya jua zaidi, ikayeyuka mapema kuliko ile safi iliyo kimo kilekile.

#15 Mchuuzi wa Samaki
Samahani, hapo sikubali yote. Mimi huifukia barafu ndani ya unga wa mbao ili isiyeyuke, na unga wa mbao ni mchafu kuliko vumbi lolote. Nawe mwenyewe (#5) umesema yale malundo yaliyofunikwa matawi na mawe hufika Juni. Sasa uchafu unayeyusha au unahifadhi?

#16 Mkazi wa Trento
Umeninasa kwa maneno yangu. Inategemea unene. Vumbi jembamba hushika joto la jua na kulifikisha kwenye theluji papo hapo. Likiwa tabaka nene, joto hukwama juu yake kabla ya kufika chini, kama kwenye unga wako wa mbao. Na kuna gharama ambayo Maalim aiweke darasani: kuyeyusha kilo moja ya barafu iliyokwisha kufika nyuzi 0 kunahitaji nishati ileile ya kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Jua hafifu la Machi lina deni kubwa la kulipa kabla ya lundo nene kukwisha, hata kama hewa tayari ina joto.

#17 Binti Pate
Kabla hatujaendelea, nina swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza. Maalim, picha hiyo ina tarehe? Ramani za kwenye simu hushonwa kwa vipande vya siku mbalimbali, wakati mwingine vya miaka mbalimbali, vikachaguliwa visivyo na mawingu. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Bonde la kushoto linaweza kuwa la Machi na la kulia likawa la Agosti.

#18 Maalim wa Malindi
Hapa inanibidi nitubu mbele ya jamvi. Picha niliyoitazama kwanza ilikuwa ya ramani ya simu, ambayo nilidhani ni ya mwezi huu kwa kuwa nilikuwa nimeitafuta mwezi huu. Haina tarehe popote. Leo nimepakua ya Sentinel-2 yenye tarehe ya wiki iliyopita. Migongo ni myeupe, chini ya bonde kuu ni kijani na kahawia, na mteremko wa kaskazini mwa bonde, unaotazama kusini, uko wazi hadi juu sana, ilhali ule wa kusini, unaotazama kaskazini, umefunikwa, kama alivyosema wa Trento. Sehemu kubwa ya ule wa kusini ni nyeusi kwa kivuli, nami ningeapa haina theluji kama nisingeangalia kwa mpangilio wa infraredi.

Nilimtumia dada yangu. Amejibu kwa sauti, akinicheka, kwamba jambo hilo lina majina kule: upande unaopata jua huitwa adret na ule wa kivuli huitwa envers. Nyumba yao iko adret, wana mizabibu, na kutoka dirishani anatazama theluji ya ng'ambo ya mto hadi Aprili. Anasema mtoto wa huko anajua kabla ya kwenda shule.

#19 Fundi Ramani
Na mto wa tatu?

#20 Maalim wa Malindi
Katika picha yenye tarehe bado umezungukwa na weupe, na nimegeuza simu pande zote nne. Kwenye infraredi nusu yake ya juu ni samawati, kwa hiyo ni theluji. Nusu ya chini si samawati wala si nyeupe kamili.

#21 Binti Pate
Changarawe.

#22 Mkazi wa Trento
Au lundo la maporomoko lililofunikwa udongo, ambalo infraredi haiwezi kulitambua kwa sababu kinachoonekana juu ni udongo wenyewe. Bonde hilo liko chini ya mteremko mkali?

#23 Mchuuzi wa Samaki
Mwulize dada kama maji ya kijito hicho ni baridi kuliko ya jirani yake. Barafu iliyofichwa hujulikana kwa maji yanayotoka chini yake.

#24 Maalim wa Malindi
Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kwao, na amesema hatakwenda kutia mkono mtoni kwa ajili ya darasa la Malindi. Shemeji amekubali kwenda Jumapili, mvua isiponyesha.